Boriti na Runinga: Somo la Kuchagua Televisheni ya HD katika Nyumba za Mji wa Kale



Kila mwaka chama chetu huweka somo moja la ufundi katika gazeti, ili tupime kama Kiswahili chetu chaweza kutoka kwenye ngonjera na insha kikaenda mpaka dukani na maabarani. Mwaka huu zamu imeniangukia mimi. Mada yangu ni runinga ya HD: vipi mtu wa Mombasa, na hasa wa Mji wa Kale, achague runinga itakayomfaa leo na isimtie hasarani kesho.

Nimeichagua mada hii kwa sababu sisi nyumbani tumeilipia karo. Ami yangu anayefanya kazi Ghuba alimnunulia Bibi runinga ya inchi 65, ya 4K, nyembamba kama kitabu. Ilifika kwa mkokoteni kutoka Barabara ya Digo, maana kichochoro chetu cha Kibokoni hakiingii gari. Mahamali wawili waliipandisha ngazi kwa kuilaza na kuiinua, mpaka jirani mmoja akauliza, "Yakhe, hiyo ni tivii ama ni jeneza?" Ikatiwa chumbani, ikawashwa. Stesheni hakuna! Kikanunuliwa king'amuzi, stesheni zikaja, lakini sura ya msomaji habari ilikuwa kama imepakwa samli. Bibi alivua miwani, akaipangusa, akaivaa tena. "Hino tivii ni kubwa kama mlango wa mskiti," akasema, "lakini kwa ile yangu kuukuu nalikiona hata kope za mtu."

Baada ya miezi minne iliuzwa kwa bei iliyomuuma kila mtu. Ami, ambaye pesa zile alizipata kwa kazi ya juani, akanipigia simu: "We wasoma fizikia. Hebu nambie, kosa liko wapi?" Makala haya ndiyo jawabu langu kwake.

VITONE

Picha ya runinga si kitu kimoja. Ni vitone vidogo vilivyopangwa kwa mistari, kama vipande vya mkeka, na kila kitone kina rangi yake. Wataalamu huviita pikseli. Runinga za zamani za Kenya, tangu utangazaji ulipoanza hapa nchini mwaka 1962 mpaka enzi za Great Wall za nyeusi na nyeupe zilizowashwa kwa betri ya gari, zilitumia mistari 625, na mistari ya picha yenyewe ilikuwa 576 tu. Mpangilio huo ukigeuzwa kuwa wa dijitali hutoa vitone 720 kwa upana na 576 kwa urefu, yaani 414,720. Picha hiyo ndiyo iitwayo SD, picha ya kawaida.

HD ya kwanza ina vitone 1280 kwa 720, jumla 921,600. HD kamili, ile inayoandikwa "Full HD" kwenye boksi, ina 1920 kwa 1080, yaani 2,073,600. Nayo 4K ina 3840 kwa 2160, jumla 8,294,400, ambayo ni HD kamili mara nne barabara.

Hapa pana mtego wa kwanza. Boksi likiandikwa kwamba runinga "yakubali 1080", hiyo si ahadi kwamba kioo chake kina mistari 1080. Maana yake ni kwamba ukiipelekea picha ya 1080 itaipokea, kisha itaipunguza ienee kwenye kioo chake, ambacho mara nyingi huwa na vitone 1366 kwa 768. Runinga nyingi za inchi 32 ziko hivyo. Si dhambi, lakini usilipe bei ya HD kamili. Mwambie muuzaji akuonyeshe vitone vya kioo chenyewe, vimeandikwa katika kijitabu.

BORITI ILISHAPIMA

Sasa njoo ndani ya nyumba. Nyumba za mawe za Mji wa Kale, kama zile za Lamu na Unguja, zimejengwa kwa matumbawe na chokaa, na sakafu ya ghorofa hukaa juu ya boriti za mikoko. Boriti ya mkoko haina urefu wa kutosha kuvuka chumba kipana. Kwa hiyo vyumba vyetu ni virefu na vyembamba: upana wake aghlabu ni kati ya mita 2.5 na 3, hata urefu uwe umepita huo mara mbili au tatu. Zamani boriti hizo zilipakiwa majahazini kwenda Arabuni na Ghuba, mpaka serikali ya Kenya ilipopiga marufuku kuziuza ng'ambo mwaka 1982. Siku hizi tunaletewa runinga kutoka huko huko.

Chumba cha Bibi nilikipima kwa futikamba: mita 2.6 kutoka ukuta hadi ukuta. Toa meza ya runinga, na toa nafasi ya kiti na mgongo wa mwenye kukaa. Kutoka kioo mpaka jicho inabaki kama mita 2.1, na hesabu yote inasimama juu ya tarakimu hiyo.

Jicho zima huweza kutenganisha vitu viwili vilivyoachana kwa pembe ya sehemu moja ya sitini ya digrii. Chini ya hapo, viwili huonekana kimoja. Duara lina digrii 360. Zidisha kwa 60 upate sehemu 21,600. Gawanya kwa pai mara mbili, utapata takriban 3438. Kwa hiyo:

umbali ambao vitone havionekani tena = upana wa kitone kimoja × 3438

Upana wa kioo chenyewe wapatikana hivi: chukua inchi za runinga (ambazo hupimwa kutoka pembe hadi pembe, si kwa upana), zidisha kwa 2.54 ziwe sentimita, kisha zidisha kwa 0.872. Kioo cha inchi 65 kina upana wa sentimita 144 hivi.

Tujaribu kwa runinga ya Ami. Ikionyesha picha ya 4K, gawanya 144 kwa 3840, zidisha kwa 3438, jawabu ni mita 1.3. Bibi aliyeketi mita 2.1 haoni kitone hata kimoja. Safi kabisa! Lakini Bibi hatazami 4K. Hutazama habari, mawaidha na tamthilia katika stesheni za bure, na zipo nyingi zinazorushwa kwa SD. Rudia hesabu kwa vitone 720: ni mita 6.9. Yaani, ili picha ya SD ikae sawa machoni kwenye kioo kile, Bibi angehitaji kukaa karibu mita 7 nyuma. Akirudi nyuma mita 7 katika chumba kile atakuwa ametoka dirishani, amevuka kichochoro, yumo sebuleni kwa jirani.

Runinga za kisasa hujitahidi kuvificha vitone hivyo kwa kuvitandaza na kuvilainisha. Ule ulaini ndio samli aliyoiona Bibi. Runinga haikuwa mbovu. Ilipewa picha ya vitone laki nne, ikaamriwa iieneze juu ya nafasi ya vitone milioni nane.

Sasa chukua inchi 32, upana sentimita 71. Picha ya SD hapo yataka mita 3.4. Bado si sawa na mita zetu 2.1, lakini jicho lasamehe, hasa jicho la mtu mzima. Picha ya HD kwenye kioo cha vitone 1366 yataka mita 1.8, nasi tumo ndani. Inchi 43 ya HD kamili yataka mita 1.7, pia tumo. Inchi 55 ya HD kamili yataka mita 2.2, na hapo ndipo macho makali yataanza kuona vitone, na hapo ndipo 4K itaanza kuwa na kazi. Kwa ufupi, katika chumba cha upana wa boriti, 4K chini ya inchi 55 ni maneno ya boksi. Ukiikuta ya inchi 43 kwa bei ile ile ya HD kamili, haya, ichukue, haikudhuru. Usiiongezee pesa.

Kuna watakaosema, "Basi tuiweke mwisho wa chumba, tutazame kwa urefu." Yawezekana, na kwa mechi yenye watu kumi na wawili ndivyo inavyofanywa. Aliye nyuma kabisa, mita 5, kwake SD na HD ni mamoja hata kwenye inchi 43. Yeye anahitaji ukubwa, si vitone. Vivyo hivyo mzee mwenye mtoto wa jicho: msogeze karibu kwanza kabla ya kuongeza bei.

MAWIMBI

Kwa nini runinga ya Ami haikupata stesheni? Hapa lazima turudi nyuma kidogo, kwa sababu nchi nzima iliwahi kusoma somo hili kwa uchungu.

Mwaka 2006 mataifa yalikubaliana mjini Geneva kwamba Ulaya, Afrika na nchi jirani zao zihame kutoka analogi kwenda dijitali, na 17 Juni 2015 ikawekwa kuwa tarehe ya mwisho. Kenya ilianza majaribio Nairobi Disemba 2009 kwa kiwango kiitwacho DVB-T. Kisha ikabadilisha njia na kuingia DVB-T2, kizazi cha pili, kinachobeba stesheni nyingi zaidi katika masafa yale yale. Waliokimbilia ving'amuzi vya mwanzo walibaki na viboksi vya kuzuilia mlango. Tanzania ilitutangulia kuzima: Dar es Salaam ilizimwa 31 Disemba 2012. Kwetu kukawa na kesi mpaka Mahakama ya Juu. Uzimaji ulianza Nairobi 14 Februari 2015, na Machi ikawa zamu ya Mombasa. Kwa takriban wiki tatu KTN, NTV na Citizen hazikuonekana.

Runinga ya Ami ilikuwa na tyuna, yaani kile kifaa cha ndani cha kunasa mawimbi, lakini tyuna hiyo ilikuwa ya DVB-T tu. Kwenye boksi kuliandikwa "dijitali", na haikuwa uongo. Ilikuwa dijitali isiyo yetu. Hatari ni kubwa zaidi kwa runinga iliyotengenezewa soko la Marekani au Japani. Marekani wanatumia ATSC na Japani ISDB-T, na hizo hazitanasa chochote hapa hata uipandishe antena juu ya mnara wa msikiti. Tena umeme wa Marekani ni volti 120 na wetu ni 240. Soma kibandiko cha nyuma kabla hujaichoma soketi. Neno la kutafuta ni DVB-T2, na hiyo 2 usiiache dukani.

Antena nayo ina lake. Kuta za matumbawe ni nene, paa nyingi siku hizi ni za mabati, na vichochoro vyembamba. Antena ndogo ya kuweka juu ya kabati hupata taabu. Weka ya UHF juu ya paa, ielekee upande wa mtambo, na maungio ya waya yafungwe vizuri, maana hewa ya chumvi hula shaba. Zamani wimbi likidhoofika picha ilianza kunyesha "mvua", nawe ukapanda juu kuigeuza antena huku mwenzio akipiga kelele dirishani, "Hapo hapo! La, rudisha!" Dijitali haina mvua. Picha hukatika vipande vya mraba, kisha kioo kinakuwa cheusi. Basi usikimbilie kuilaumu runinga. Anza na waya.

YA KESHO

Mtu anayetaka kununua ya kesho na atazame Japani. Shirika lao la utangazaji, NHK, lilianza kutafiti HD miaka ya 1960, baada ya Olimpiki ya Tokyo ya 1964. Mwaka 1989 walianza kurusha picha ya mistari 1125 kila siku kwa saa moja. Lakini ilikuwa HD ya analogi. Dunia ikageukia dijitali, na mwaka 2007 matangazo yale ya analogi yakafungwa. Walionunua mapema kwa bei ghali walikuwa wamenunua ya kesho kweli, ila kesho ikapita njia nyingine.

Hata juzi tumeona. Runinga za 3D, za kuvaa miwani, zilipigiwa ngoma kuanzia 2010, na kufikia 2017 watengenezaji wakubwa walikuwa wameziacha. Runinga za "smati" nazo zina uzee wake: Disemba 2019 Netflix iliacha kufanya kazi katika baadhi ya runinga za Samsung za 2010 na 2011. Vioo vyake vilikuwa vizima. Kilichokufa ni programu.

Nionavyo mimi, runinga ina sehemu mbili. Kioo, spika na matundu ya HDMI na USB huishi muda mrefu. Tyuna na programu huzeeka upesi. Basi pesa zako zitie katika zile zinazodumu, na zile zinazozeeka uwe radhi kuzibadilisha kwa kiboksi cha nje kinachochomekwa kwenye HDMI. Matundu mawili ya HDMI ni ya lazima: moja la king'amuzi, moja la kitu ambacho leo hatujakijua jina. Matatu ni bora. Tyuna ikiwa yaweza kufungua H.265 pamoja na H.264, vizuri zaidi. Ujerumani ilipohamia DVB-T2 mwaka 2017 ilitumia H.265, na vifaa visivyoijua vikabaki nje.

Picha ya kesho huenda isije kwa antena kabisa. Mombasa ndipo kebo za intaneti za chini ya bahari zinapotua: SEACOM na TEAMS tangu 2009, EASSy 2010, na nyingine baadaye. Lakini kutua kwa kebo pwani si kufika chumbani kwako. Netflix, kwa mfano, hushauri megabiti 5 kwa sekunde kwa HD kamili na 15 kwa 4K, na saa moja ya 4K yaweza kula gigabaiti 7. Piga hesabu ya bando zako kabla ya kununua kioo cha kulisha vitone milioni nane. Kombe la Afrika la 2027, ambalo mwaka 2023 Kenya, Uganda na Tanzania zilipewa kuliandaa, litawauzia watu runinga nyingi. Ukienda dukani wakati huo, mwambie muuzaji aondoe ile filamu ya samaki na maua anayoionyesha, aweke stesheni ya bure unayoitazama kila siku. Simama mbali kwa mita za chumba chako, kisha tazama.

CHUMVI, UMEME NA UKUTA

Haya nayapita upesi. Ukuta wa matumbawe na chokaa huvunjika-vunjika skurubu ikiingia. Runinga kubwa ikae mezani, au aitwe fundi anayezijua kuta hizi, si yule wa kuta za bloku. Usiitie ndani ya kidaka pasipo na nafasi ya hewa. Umeme ukikatika na kurudi kwa kishindo huua runinga nyingi kuliko uzee, kwa hiyo kifaa cha kulinda volti kinunuliwe siku ile ile. Mwangaza wa kioo upunguze: vyumba vyetu vina kivuli, mwangaza wa dukani hauhitajiki, na taa za nyuma ya kioo ndizo zinazoungua mapema mafundi wakazibadilisha. Tena tokeni zitadumu. Tuseme runinga moja yala wati 150 na nyingine 40, kwa saa tano kila siku: kwa mwezi ni yuniti 22.5 dhidi ya 6. Spika za runinga nyembamba ni nyembamba vile vile, basi hakikisha pana tundu la sauti la kuunganisha spika za nje. Bibi bila zumari ya taarabu kusikika vyema hakulaliki nyumbani.

Jambo moja nilikuwa nimelisahau. Risiti na kadi ya dhamana, zote mbili, zipigwe muhuri wa duka. Runinga iliyoletwa na msafiri haina dhamana hapa, hata iwe ya jina kubwa.

RUNINGA YA BIBI

Tulimnunulia ya inchi 43, HD kamili, DVB-T2, HDMI tatu. Pesa zilizobaki zilinunua antena ya paa, waya mpya, kifaa cha volti na miwani. Ndiyo, miwani, daktari alisema ile ya zamani ilikuwa imepitwa. Ami aliporudi likizo aliketi katika kiti cha Bibi, akatazama habari mpaka mwisho, akasema tu, "Kumbe." Bibi akamjibu, "Ungaliniuliza, ningalikwambia nataka kuona kope."

ZOEZI

1. Pima umbali kati ya jicho lako na kioo cha runinga nyumbani. Kwa kutumia 3438, tafuta kama unaweza kuona vitone vya picha ya SD, kisha vya HD kamili.

2. Katika ukumbi wa shule safu ya mwisho iko mita 8 kutoka jukwaani. Chama kikinunua runinga ya inchi 55, je, wa safu ya mwisho ataona tofauti ya SD na HD? Onyesha hesabu yako.

3. Pima upana wa chumba kimoja cha nyumba ya mawe na kimoja cha nyumba ya bloku. Andika tofauti zao, na aina ya boriti au paa.

Majibu apewe katibu wa chama. Swali la pili lina haraka, kwa sababu mchango wa runinga ya chama umeshaanza, na kuna wanaoitaka ya inchi 65.